Nati ya Shaba Nyuma ya Diski

Sekenke,
21 Januari 2024

Mpwa wangu Aneth,

Pokea salamu kutoka huku chini ya mlima. Sisi hatujambo, isipokuwa goti la mkaza mjomba wako Dorkas, ambalo siku hizi linatutangazia mvua kabla ya redio. Mvua yenyewe imenyesha vizuri. Mtama umesimama, na magugu nayo yamesimama. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Mama yako, dada yangu Sara, alikuja kutoka Kiomboi wakati wa Krismasi akanikagua kama mwalimu wa zamu, akaondoka ameridhika.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Unaikumbuka ile kompyuta niliyoinunua siku kampuni ya utafiti wa madini ilipofunga kambi na kuuza vitu vyake? Ulipokuwa mdogo ulipenda kuibonyezabonyeza mpaka nikakufukuza kwa fagio. Bado ninayo. Imekuwa ya njano kama meno ya mvuta tumbaku, lakini kwa nje ni nzima. Ugonjwa uko ndani. Ukiiwasha, kioo kinabaki cheusi, yanatokea maandishi meupe ya Kiingereza, kisha diski inagonga: ko, ko, ko. Fundi redio wa Shelui ameitazama akasema hayo ni mambo ya zamani, hana dawa yake.

Wewe ndiye fundi wa ukoo. Niandikie sababu zote zinazoweza kuifanya diski ya zamani igome. Zote, usibakize, na hasa zile ambazo matengenezo yake huchukua muda mrefu.

Tena usinipigie simu. Mtandao wa huku unapatikana juu ya lile jiwe la nyuma ya duka la Gabrieli tu, na juu ya jiwe hilo huwezi kusema "haloo" bila watu wengine kuitikia. Andika. Mpe kondakta wa basi, ataacha barua hapo dukani. Nimekutumia mafuta ya alizeti na karanga.

Mimi mjomba wako,
Hezekia


Iringa,
9 Februari 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mpe shikamoo yangu na mkaza mjomba, na pole ya goti. Mafuta yamefika. Karanga zimefika nusu, na kondakta alikuwa bado anatafuna. Huku ni baridi na matope, wateja wananiletea simu zilizoanguka kwenye madimbwi, kwa hiyo barua yako imenifurahisha. Ni muda mrefu sijashika diski ya umri huo.

Elewa kwanza ilivyo. Ndani ya diski mna sahani inayozunguka, na kichwa kinachosoma juu yake, kama santuri na sindano yake. Vinavyoweza kuharibika ni vingi, ila tuanze na rahisi. Chomoa umeme, fungua ubavu wa kompyuta. Utaona waya mpana, bapa kama utepe, unaotoka kwenye diski kwenda kwenye bodi kubwa. Uchomoe, puliza vumbi, urudishe mpaka ushike. Ule mwingine wenye rangi nyekundu, njano na nyeusi ndio unaoilisha diski umeme. Nao uufanye hivyo hivyo. Kisha washa, uninakilie maneno yote yatakayotokea kwenye kioo, herufi kwa herufi.

Nina swali moja, na si kwa umbea. Ndani ya hiyo diski mna nini? Kama mna kitu cha maana, tutakwenda kwa uangalifu. Kama hamna, nitakutumia diski nyingine, na ndani ya wiki moja utakuwa umemaliza shida yako.

Mpwa wako,
Aneth


Sekenke,
3 Machi 2024

Mpwa wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Tumshukuru Mungu, huku sote ni wazima kabisa. Goti la Dorkas limetulia. Shamba langu limepaliliwa lote, hata ile pembe ya bondeni ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeisamehe. Zizi la mbuzi lina uzio mpya. Vijana wa siku hizi wanasemwa vibaya bure, wana moyo.

Waya nimezichomoa na kuzirudisha kama ulivyoagiza. Panya walikuwa wametafuna kidogo, lakini si sana. Bado inagonga, ko, ko, ko, tena sasa kwa hasira zaidi. Maneno ya kwenye kioo ni yale yale. Nimewaeleza watu hapa kuhusu sahani na sindano, wameelewa vizuri sana, wamenyamaza wote.

Usitume diski nyingine. Nasema tena, usitume. Inayotakiwa ni hii hii. Kuna ugonjwa gani mwingine unaofuata baada ya waya?

Idrissa, mwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji kule mlimani, anakusalimu ingawa hamfahamiani. Jirani yetu Manase naye anakusalimu. Kuku niliyempa kondakta ni wako. Nimemfunga miguu ili asimtafune njiani.

Mjomba wako,
Hezekia


Iringa,
30 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Kuku amefika mzima, akataga jana juu ya printa ya mteja. Mteja amechukua vyote viwili, printa na yai.

Nashukuru kwa habari za nyumbani, ingawa sijaelewa mambo mawili. Ni vijana gani hao wanaopalilia shamba la mtu bure? Na hao "watu hapa" waliokaa kimya kusikiliza habari za diski ni akina nani? Swali langu la Februari nalo bado halijajibiwa, labda lilitafunwa pamoja na karanga.

Tuendelee. Kwenye bodi kubwa kuna betri ya duara, kama kitufe cha koti. Hiyo ndiyo inayoikumbusha kompyuta ina diski ya aina gani. Kwa umri wa mashine yako, itakuwa imekufa zamani. Ndani ya bahasha hii nimekuwekea mpya. Itoe ya zamani kwa ncha ya kisu, weka hii, upande wenye alama ya kujumlisha uwe juu.

Baada ya hapo, zungusha diski utazame nyuma yake. Kuna nati ndogo ya shaba katikati. Ikilegea, diski hugonga kama ulivyosema. Ikaze polepole mpaka taa ya kijani iliyo pembeni yake iwake. Ikiwaka, uniambie kama ilimetameta au ilitulia, kwa maana hapo ndipo nitakapojua ugonjwa hasa.

Mpwa wako,
Aneth


Sekenke,
28 Aprili 2024

Mpwa wangu, fundi wangu,

Salamu ziwe nawe. Mtama umeanza kutoa masuke, ndege wamekuja kama walioitwa. Dorkas anapigana nao kwa debe bovu na anashinda. Kanisani tumepata mwinjilisti mpya, anahubiri kwa ufupi, tunamwombea maisha marefu.

Betri nimeweka. Ile nati ya shaba nimeikaza polepole, kama ulivyoniagiza. Ilikuwa imelegea kweli! Taa ya kijani ikawaka, ikametameta, halafu ikatulia, halafu ikazimika. Niliwaeleza wenzangu, wakahuzunika sana. Idrissa alisema hata mwamba mgumu hautaki pupa. Maneno mazuri.

Kwa hiyo naona bado safari ni ndefu. Sikulaumu, usijitie haraka. Hata ikifika msimu ujao wa kulima, mimi ninavumilia.

Manase ndiye asiyevumilia. Ana maksai wawili wazuri, unawakumbuka wazazi wao, weupe wenye pembe ndefu. Anasema atawauza anunue hisa kwenye karasha la kusaga mawe, ili mashine ikipona awe tayari. Nimemwambia asubiri. Amesema anayesubiri huokota makapi.

Niandikie ugonjwa unaofuata.

Mjomba wako,
Hezekia


Iringa,
10 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo.

Nyuma ya diski hakuna nati ya shaba. Haijawahi kuwapo. Wala hakuna taa ya kijani. Nilivitunga usiku ule ule nilipokuwa naandika, kwa sababu nilianza kuhisi kwamba mtu ninayemfundisha kutengeneza kitu hataki kitengenezwe. Nilipofika mahali pa "ilimetameta, halafu ikatulia" nilicheka mpaka jirani wa kibanda cha pili akaja kuuliza kama nimepata zabuni.

Kisha nilifika mahali pa Manase, nikaacha kucheka.

Nimempigia mama. Nilimuuliza tu kama anajua habari za kompyuta yako, akasema, "Ile inayojua dhahabu ilipo? Nani asiyejua?" Amesema Iramba nzima inajua kwamba ramani ya watafiti imo ndani ya diski yako, na kwamba mpwa wako fundi mkubwa wa Iringa anaifungua kidogo kidogo kwa barua. Sasa mimi ndiye fundi huyo mkubwa, na jina langu linataka kuuza maksai wa mtu.

Mjomba, nakuheshimu kama baba. Niambie mna nini ndani ya hiyo diski. Na kabla hujamaliza kusoma barua hii, nenda kwa Manase.

Aneth


Sekenke,
26 Mei 2024

Aneth mpwa wangu,

Safari hii sina habari za ndege wala za goti. Nimeisoma barua yako nimesimama pale dukani kwa Gabrieli, na sikuimaliza, kama ulivyotaka. Nitakueleza yote.

Ilianza kwenye msiba, msimu wa mvua wa mwaka juzi. Mvua ilitufungia sebuleni kwangu tulipotoka kuzika. Idrissa akaiona kompyuta kwenye kona, chini ya kitambaa cha Dorkas.

"Mzee Hezekia, hii si ilikuwa ya wale watafiti?"

"Ya kwao."

"Waliotoboa miamba kutwa, wakaondoka bila kusema walichoona?"

"Hao hao."

"Basi walichokiona kimo humu."

Mimi nikakohoa. Naapa, nilikohoa tu, kifua changu unakijua. Lakini watu wakatazamana, na kesho yake asubuhi nikakuta mzigo wa kuni mlangoni. Ningesema nini? Hakuna aliyeniuliza tena waziwazi. Aliyekuja kupalilia alisema anapita tu na jembe lake. Aliyejenga zizi alisema alikuwa na miti imebaki. Kila mmoja alitaka mashine ikipona yeye awe wa kwanza kuitwa, na mimi nilitaka isipone. Mashine mgonjwa haimkani mtu. Mwaka huu wakaanza kuuliza mbona haiponi, nami nikaishiwa majina ya magonjwa. Ndipo nikakuandikia.

Ndani ya diski mna mchezo wa karata. Basi. Watafiti walifuta vyao vyote kabla ya kuuza. Nilicheza karata zile jioni nyingi mpaka mashine ilipojifia yenyewe.

Sasa Manase. Nilipofika kwake mkewe akaniambia ametoka alfajiri na maksai kwenda mnadani Shelui. Nikaazima baiskeli ya Gabrieli. Aneth, mimi sijapanda baiskeli tangu magoti yangu yalipokuwa bado yangu. Nikamkuta njiani, anawaswaga taratibu, anawaimbia.

"Manase, rudi. Ndani ya ile mashine mna karata."

"Karata gani, mzee?"

"Za kucheza. Shupaza, kopa, mfalme na mkewe. Hamna dhahabu. Sikuwahi kuiona."

Akawasimamisha maksai. Nilidhani atanipiga fimbo. Badala yake akatabasamu kwa uchungu.

"Ni Idrissa, si ndiyo? Amekuwahi. Sasa unanitoa njiani."

"Manase, namtaja Mungu."

"Anayeificha dhahabu ndivyo anavyosema."

Kadiri nilivyoapa ndivyo alivyozidi kuamini. Nimedanganya kwa kikohozi kimoja watu wakaniamini misimu miwili, na nilipokuja kusema kweli kwa jasho na pumzi ya mwisho, hakuna aliyeitaka. Mwishowe nikamshika maksai mmoja pembe nikakataa kumwachia. Watu wa mnadani walikuwa wanapita na mbuzi wao wanatutazama. Tukapatana hivi: atawarudisha nyumbani, lakini kabla ya mnada ujao aone kwa macho yake kilichomo. Asipoona, atauza.

Kwa hiyo sasa nataka ipone, tena upesi. Nakuambia ukweli wa ugonjwa. Haigongi ko, ko, ko. Hiyo niliipenda tu masikioni. Ukiiwasha, diski inaguna kidogo, mmm, kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake, halafu kimya. Waya nimezichomoa na kuzirudisha leo kwa mikono yangu. Betri nimeiweka leo. Kioo kinasema diski haionekani.

Mjomba wako asiye na pa kuficha uso,
Hezekia

Ni kweli kafanya, nimeona mwenyewe. Na baiskeli ya Gabrieli imepinda. Dorkas.


Iringa,
3 Juni 2024

Mjomba,

Shikamoo, na pole ya baiskeli.

Sasa umenipa kazi ninayoiweza. Mguno huo mfupi ninaujua. Diski ikikaa miaka bila kuzunguka, kichwa hunata kwenye sahani. Injini inataka kuzunguka, lakini haina nguvu ya kukibandua. Lazima uisaidie kwa mkono.

Fanya hivi. Fungua skrubu zinazoishikilia diski, itoe kwenye kizimba chake, lakini waya zote ziache zimechomekwa. Iache ipate joto la jua la asubuhi kupitia dirishani. Kisha ishike bapa kwa viganja viwili. Mkaza mjomba awashe umeme. Ukisikia tu ule mguno, izungushe ghafla kwa vifundo vya mikono, nusu ya duara tu, kama mtu anayefungua kufuli lenye kutu, halafu uache. Usiigonge, usiitikise. Isipoitika, zima, pumzika, rudia. Ikiitika utaisikia, itavuma. Ilaze polepole juu ya kitambaa kilichokunjwa, na usiizime tena, maana huenda isiamke mara nyingine.

Usiijaribu peke yako kwanza. Ikiamka mkiwa wawili na Dorkas, Manase atasema mmefuta ramani. Waite wote, Manase akae mbele. Na isipoamka kabisa, mjomba, itabidi uwaambie hivyo hivyo, mbele ya wote, ukiwa umesimama.

Barua hii nampa dereva mwenyewe, si kondakta.

Aneth


Sekenke,
14 Julai 2024

Mpwa wangu Aneth,

Nakusalimu nikiwa na malengelenge mikononi, kwa hiyo usitazame mwandiko.

Dereva wako alipitiliza na barua mpaka Igunga. Ilinifikia mnada ukiwa kesho kutwa. Nikawaita watu. Walijaa sebuleni, wengine dirishani. Manase nilimkalisha kwenye kiti changu, Idrissa akabaki wima.

Dorkas akawasha. Mmm. Nikazungusha. Kimya. Akazima, akawasha, nikazungusha. Kimya. Mtu mmoja dirishani akasema, "Mzee anafua nguo?" Mara ya tatu nilihisi kitu kikiachia ndani ya viganja vyangu, Aneth, kama kuku anayejitikisa, na ikaanza kuvuma kama mashine ya kusaga ya kijiji cha pili. Nikailaza juu ya kanga ya Dorkas. Maandishi yakakimbia juu ya kioo, halafu picha ikafunguka. Watu wakapiga kelele.

"Fungua ramani," akasema Idrissa.

"Afungue Manase," nikasema.

Manase akashika kipanya kwa mkono ule wa kushikia plau. Alifungua kila kilichokuwamo. Tupu. Tupu. Tupu. Idrissa naye akarudia kwa zamu yake, tupu vilevile. Mwisho Manase akabonyeza pale palipobaki, na karata zikajipanga kioo kizima, nyekundu na nyeusi.

"Kopa," akasema, kwa sauti ndogo.

Hapo nikasimama, kama ulivyoniambia. Idrissa akanigeukia.

"Mzee Hezekia, tumekulimia misimu miwili."

"Mmenilimia. Sikuwaambia mlime, na sikuwaambia msilime. Hilo la pili ndilo kosa langu. Naomba mnisamehe."

Aliyejibu ni Dorkas, ambaye hakuulizwa. "Msamaha ni wenu," akasema, "lakini mikono ni yake. Wakati wa kupura mtama umefika. Atakwenda kwa kila mmoja aliyefanya kazi hapa." Na akaanza kuwataja, nani alipalilia wapi, nani alileta miti, hata yule wa kuni za siku ya kwanza. Mke wangu ana kumbukumbu kuliko diski yoyote. Kabla sijafungua mdomo walikuwa wameshapangana zamu.

Idrissa hakuondoka. Alikaa kwenye kiti cha Manase akacheza karata mpaka ugali wake ukapoa, akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Tulifuata maneno yako, hatukuizima. Lakini umeme ulikatika Jumanne jioni, Idrissa akiwa karibu kushinda, na uliporudi, mashine haikuamka. Nimeizungusha mpaka nimechoka. Nadhani sasa imekwenda kweli. Idrissa alinipa mkono wa pole kama amefiwa yeye.

Manase hakwenda mnadani. Wiki hii nzima nimekuwa uwanjani kwake, napura tangu jua linachomoza, na vumbi la mtama limeniingia mahali ambapo hata Dorkas hapajui. Hakunisemesha siku za mwanzo. Jana tulipakia magunia kwenye mkokoteni, maksai wakavuta, sisi tukafuata nyuma kwa miguu. Katikati ya njia akauliza bila kunitazama:

"Mzee, ile siku ya msiba, ungesema palepale kwamba ni karata tu, unafikiri ningekuamini?"

"Hungeniamini."

Akasukuma gunia lililotaka kudondoka.

"Kweli," akasema. "Ningekulimia mara mbili."

Tulicheka mpaka tukashindwa kutembea, tukakaa chini pembeni ya barabara wote wawili, na maksai wakaendelea na magunia peke yao hadi nyumbani.

Kesho ni zamu ya Idrissa.

Mjomba wako,
Hezekia